UZI: Mabomba mapya ya sindano kwa ndugu zetu wanaojidunga Dar. Hesabu midungo, usihesabu vichwa

Mgawaji_Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waelimishaji rika, wauguzi, wafamasia na wote wanaopeleka vifaa maskani (vijiwe vya wanaojidunga), kuanzia Tandika na Keko mpaka Manzese na Kigogo. Tuweke vitu vya kazi: kiasi gani, aina gani, nini kinaharibika na kwa nini. Neno "teja" naomba libaki nje. Mtu akilisikia kwa mhudumu harudi tena, na bomba lake lililotumika nalo halirudi.

Naanza na oda, kwa sababu kosa kubwa linafanyika kwenye karatasi kabla boksi halijafunguliwa. Kikundi kinaandika: watu 60, bomba tatu kila mmoja kwa wiki, jumla 180. Hiyo ni hesabu ya vichwa. Sasa tazama unga, yaani heroini, unavyofanya kazi. Arosto, yale mateso ya kukosa dawa, huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya mdungo wa mwisho, kwa hiyo mtu aliyezoea anajidunga mara tatu hivi kwa siku. Watu 60 mara tatu ni midungo 180 kwa siku. Oda ya wiki nzima inaishia Jumatatu jioni, na siku sita zilizobaki watu wanatumia bomba lilelile au la mwenzake.

Hesabu sahihi: 60 × 3 × 7 = 1,260. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya bomba zinazoanguka chini, zinazozibwa na damu na zile ambazo mshipa umekosekana ikabidi kuanza upya. Hiyo ni 252. Jumla 1,512, yaani maboksi 16 ya bomba 100.

Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la bomba 200 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2020, na 300 ifikapo 2030. Mara tatu kwa siku ni 1,095 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu asikwambie 300 ni anasa. Haijafika hata theluthi.

Famasia_Mzee

Asante mkuu kwa kuanza na hesabu. Mimi niongezee aina ya bomba, maana maboksi 16 ya aina isiyofaa yatakuletea kazi mbili.

Bomba la kawaida la ml 2 au ml 5, lile ambalo sindano inachomolewa, lina nafasi ndogo pale shingoni na ndani ya kitako cha sindano. Ukisukuma pistoni mpaka mwisho bado damu inabaki humo, maikrolita 84 na zaidi. Bomba la insulini la ml 1 lina sindano iliyogandishwa moja kwa moja kwenye bomba, na linabakiza maikrolita 2 hivi. Tofauti inakuwa kubwa zaidi watu wakishasuuza: bomba la kuchomoa hubaki na damu kiasi cha mara elfu moja ya ile inayobaki kwenye la insulini. Kirusi cha homa ya ini C kimepimwa kikiwa hai ndani ya bomba lenye nafasi kubwa kwa muda wa hadi siku 63. VVU hudhoofika haraka zaidi kwenye joto kama la kwetu, lakini "haraka" hapo ni siku, si dakika. Bomba lililolala maskani tangu asubuhi bado ni hatari jioni.

Kwa hiyo kwa anayetumia mishipa ya mkono, la insulini liwe chaguo la kwanza. Sindano yake ni nyembamba, geji 29 mpaka 31, na jeraha lake ni dogo.

Lakini usimlazimishe kila mtu. Mwenye mishipa iliyoharibika anahitaji sindano ndefu kidogo, na ukimpa ya insulini peke yake ataitupa, atakwenda kuazima. Kwake beba bomba la ml 2 lenye sindano ya bluu (geji 23) au ya chungwa (geji 25). Ya kijani, geji 21, ni nene na inapasua mshipa. Bahati mbaya bomba nyingi za ml 5 madukani zinakuja na hiyo. Ukinunua jumla, uliza rangi ya kitako kabla ya kulipa.

Nesi_Kinondoni

Kaka Famasia, gusia na zile zinazojifunga. Vikundi vingi vinapewa msaada wa bomba zilizobaki kwenye chanjo, halafu wanashangaa hazitakiwi.

Famasia_Mzee

Kweli dada, hilo ni muhimu. Bomba la chanjo limetengenezwa livute mara moja na kusukuma mara moja, kisha pistoni inajifunga au inavunjika. Anayejidunga huvuta maji kwanza, anayasukuma kwenye kijiko, ndipo anavuta tena. Bomba linajifunga hatua ya pili, dawa ikiwa bado kwenye kijiko na arosto imembana. Hapo atachukua bomba lolote lililo karibu. Yaani umegawa kifaa kinachomsukuma kuazima.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitaka nchi zihamie kwenye bomba za usalama hospitalini ifikapo 2020, na hilo ni jambo jema kwa wodi. Kwa programu za wanaojidunga lilikubali bomba za kawaida ziendelee kupatikana. Mtu wa manunuzi akikubishia, mweleze sababu hiyo ya kuvuta mara mbili. Ataelewa.

Mpya_Maskani

Wakuu nina swali. Kikundi chetu kinaanza. Bajeti inatosha bomba tu. Vitu vingine vinaweza kungoja?

Nesi_Kinondoni

Ndugu yangu, visingoje. Bomba jipya likichovya kwenye kijiko cha pamoja limeshachafuka kabla halijagusa mwili. Watu wawili, kila mmoja na bomba lake ambalo haazimishi, wanaambukizana homa ya ini C kwa njia hiyo: mmoja aliwahi kutumia lake jana, leo analitumbukiza kwenye kizibo kimoja na mwenzake. Damu isiyoonekana kwa macho inatosha.

Paketi ya mdungo mmoja iwe hivi: bomba moja, kichupa cha plastiki cha maji ya sindano (kile cha ml 5, la sivyo cha ml 10), kijiko au kikombe kidogo cha bati, kichujio, na pamba mbili za spiriti. Mpira wa kufungia mkono mmoja kwa mtu kwa mwezi unatosha kama hauna damu. Ukiwa na damu unabadilishwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu maji. Ukikosa ya vichupa, maji yaliyochemka dakika tano, yakafunikwa, yakatumika siku hiyo hiyo, ndiyo yanayofuata kwa ubora. Maji ya chupa ya dukani yakifunguliwa na kupitishwa kwa watu sita si maji safi tena. Kichupa cha ml 10 kina tatizo hilo hilo: kikishakatwa shingo, kinachobaki watu wanagawana. Ndiyo maana ml 5 ni bora, hata kama kwa hesabu ya ml ni ghali.

Vichujio: pamba iliyonyofolewa kwenye sigara au kwenye godoro inaacha nyuzi, na ikihifadhiwa ikiwa na unyevu inaota vijidudu. Mtu akiitumia tena anapata homa kali na kutetemeka ndani ya nusu saa. Wengi wanadhani ni arosto au malaria. Waambieni wasiweke akiba ya pamba.

Unga mweupe wa Dar unayeyuka kwenye maji matupu, hauhitaji limau. Akitokea mtu anakamulia limau au ndimu, mzuie. Juisi ile hubeba fangasi wanaofika mpaka kwenye jicho, na macho hayo hupotea.

Na spiriti inapakwa kabla, si baada. Wengi wanabonyezea pamba ya spiriti kwenye tundu lililotoka damu. Spiriti inachelewesha damu kuganda. Baada ya kuchoma tumia pamba kavu.

Mpya_Maskani

Nimeelewa dada, asante sana. La pili: mfadhili anasema tutoe bomba moja jipya kwa kila la zamani linalorudi. Ni sawa?

Mgawaji_Temeke

Si sawa, na litakuumiza kwenye takwimu zako mwenyewe. Fikiria mtu aliyefukuzwa maskani na doria usiku. Bomba zake zote amezitupa mtaroni ili asikutwe nazo. Asubuhi anakuja mikono mitupu. Kwa kanuni hiyo ya mfadhili unamrudisha bila kitu, na huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote siku hiyo.

Mgawo ufuate mahitaji. Muulize maswali matatu tu: unajidunga mara ngapi kwa siku, tutaonana lini tena, kuna wengine unawachukulia? Mara tatu, siku nne, na wenzake wawili: 3 × 4 × 3 = 36, mpe 45. Swali la tatu usiliogope. Mtu anayewapelekea wenzake anafika vyumba ambavyo mwelimishaji rika hataviona kamwe.

Za zamani ziombe, zisifu zikija, zihesabu kwa kukadiria ujazo wa boksi. Usimwage bomba mezani uhesabu moja moja, hivyo ndivyo watu wanavyochomwa.

Taka_Hatari

Hapo kwenye kukusanya ndipo uwanja wangu, naomba nafasi.

Sefti boksi ya kawaida ya lita 5 inachukua bomba 100 hivi. Kwa mgawo wa 1,512 kwa wiki, hata zikirudi nusu, unahitaji maboksi 8 kwa wiki. Watu wanaagiza mawili kwa mwezi halafu wanashindilia. Boksi linafungwa likifika robo tatu. Kupita hapo bomba zinasimama wima, anayesukuma kifuniko anachomwa kiganja.

La karatasi ngumu halifai kukaa nje msimu wa masika. Kitako kinalowa, sindano zinatoboa chini, na anayelibeba begani hajui. Maskani tumia galoni nene la plastiki, lile la sabuni ya maji au la Jik, lenye mfuniko wa kuzungusha. Andika kwa wino usiofutika. Chupa ya maji ya kunywa ni laini mno, sindano ya geji 23 inapenya kwa kukanyagwa tu.

Kuokota mtaani: viatu vilivyofunika mguu, koleo au kibanio kirefu, glavu nene. Galoni unaliweka chini karibu na bomba, hulishiki mkononi, na bomba linaingia ncha mbele. Usirudishe kifuniko kwenye sindano uliyoikuta. Angalia kwenye mitaro ya maji, nyuma ya vibanda, kwenye magofu na kingo za reli, saa za asubuhi kabla watoto hawajatoka.

Mwisho wa safari ni kichomea taka cha hospitali, kwa makubaliano ya maandishi na afisa afya. Kuchoma kwa petroli kwenye shimo hakutoshi: plastiki inayeyuka, chuma kinabaki na ncha yake, mvua ikija kinaibuka juu.

Mama_Mtaa

Naomba niulize kama mjumbe wa shina. Mtoto au mfagizi akichomwa na sindano ya kutupwa tufanyeje? Huku kila mtu ana dawa yake, mara mafuta ya taa, mara kukamua.

Nesi_Kinondoni

Shikamoo mama. Asikamue, asinyonye, asimwagie mafuta ya taa wala Jik. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali lazima zianze ndani ya saa 72, na saa chache za mwanzo ni bora kuliko siku ya tatu. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Aulizwe na chanjo ya homa ya ini B. Kirusi chake kinakaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na ndicho kinachoambukiza kwa urahisi kuliko vyote vitatu.

Sindano yenyewe msiibebe kwenda kupimwa. Haitabadilisha matibabu na itamchoma mwingine njiani.

Na nyie waelimishaji rika mnaokusanya: chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, mwezi 0, wa 1 na wa 6. Mratibu asimpe mtu koleo kabla ya dozi ya kwanza.

Mpya_Maskani

Usiku bomba zikiisha, watu wanasuuza kwa Jik. Inasaidia au tunawadanganya?

Famasia_Mzee

Inapunguza hatari ya VVU ikifanywa kwa ukamilifu. Kwa homa ya ini C hakuna uhakika. Ni njia ya mwisho, na ufundishe hivyo.

Shida ni kwamba watu wanavuta Jik mara moja na kuitema. Damu iliyoganda inamkinga kirusi, kwa hiyo maji ndiyo yanatangulia. Vuta maji safi mpaka juu, tikisa, tema pembeni, rudia mpaka usione wekundu wowote. Ndipo Jik isiyochanganywa na maji, bomba lijae mpaka juu kabisa, tikisa, acha dakika mbili kamili, tema. Halafu maji mapya, kutoka chombo kingine, mara tatu. Vyombo ni viwili tofauti: maji ya kwanza yana damu, ukiyarudia mwishoni umefuta kazi yote.

Jik ya huku huwa na hipokloriti ya asilimia 3.5, ndiyo maana nasema isichanganywe na dakika mbili zisipunguzwe. Ikikaa juani au kwenye chupa ya kuonyesha ndani inapoteza nguvu. Ile inayouzwa kwa kupimwa kwenye vichupa vidogo vya soda mara nyingi imeshaongezwa maji. Na bomba la plastiki msichemshe sufuriani: pistoni inavimba, halisukumi tena sawasawa.

Mgawaji_Temeke

Kuna jambo la hapa kwetu tusilipite, nalo ni flashi. Dar ndiko lilikoripotiwa kwa mara ya kwanza, mwaka 2005: aliyejidunga anavuta damu yake kwenye bomba, anampa mwenzake asiye na pesa ajidunge, kwa imani kwamba ina dawa. Walioonekana kufanya hivyo zaidi ni wanawake, wakisaidiana.

Mkikaa nao tumieni hesabu, inaeleweka kuliko kutisha. Mwili una lita 5 hivi za damu, yaani ml 5,000. Ukivuta ml 4 umechukua chini ya sehemu moja ya elfu ya kile alichojidunga mwenzako. Arosto haisikii kiasi hicho. Kinachoingia kizima ni virusi, na damu ya kundi lisilolingana juu yake.

Kinachomaliza flashi ni mtu kuwa na njia nyingine asubuhi ile ya arosto. Muhimbili wana kliniki ya methadoni tangu Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Dozi ya methadoni inashikilia saa 24, kwa hiyo midungo mitatu inaondoka kwa kikombe kimoja. Lakini anayesubiri kusajiliwa bado anajidunga, na aliyeanza wiki hii kwa dozi ndogo huenda bado anajidunga jioni. Msimnyime bomba eti yuko kliniki.

Dada_wa_Kati

Kuhusu wanawake, ratiba nyingi zinawakosa. Maskani ya mchana ina wanaume. Wanawake wengi wanajidungia ndani, wengine wanachomwa na wenzi wao baada ya mwenzi kutumia, kwa bomba lilelile. Pitieni jioni kabla ya saa za kazi zao, mwelimishaji awe mwanamke, na mumpe paketi mbili zenye bomba za rangi tofauti, yake na ya mwenzi. Hiyo rangi inaokoa sana: chumbani mna giza, bomba mbili zinazofanana zinabadilishana bila mtu kukusudia. Mkikosa za rangi, funga utepe kwenye moja.

Famasia_Mzee

Kwa wenye famasi na maduka ya dawa muhimu: kumuuzia mtu bomba bila kumhoji ni huduma ya afya. Saa tatu usiku nyinyi ndio mko wazi, vituo vimefungwa. Uza moja moja kwa asiye na hela ya zaidi, lakini usifungue pakiti yake. Bomba lililotolewa kwenye karatasi na kuwekwa kwenye kopo la kaunta si tasa tena. Kabla ya kuuza, bonyeza pakiti: hewa ikitoka imetoboka. Tazama tarehe, alama ya namba 2 iliyokatwa mstari, maana yake usirudie, na herufi EO za gesi iliyotumika kuua vijidudu. Karatasi yenye doa la maji ya masika itupe, hata kama tarehe bado.

Mama_Mtaa

Na polisi? Vijana wetu wanaogawa wanashikwa kama wauzaji.

Mgawaji_Temeke

Mama, matumizi ya dawa za kulevya ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015, na bomba mfukoni huchukuliwa kama dalili yake. Kwa hiyo karatasi zitangulie miguu. Barua ya Mganga Mkuu wa Manispaa, nakala kwa mkuu wa kituo cha polisi, kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwelimishaji avae kitambulisho chenye picha na abebe nakala ya barua. Barua irudishwe upya kila mkuu wa kituo anapohamishwa, hapo ndipo vikundi vingi hukwama: barua ipo, anayeijua hayupo.

Bomba zilizotumika zisichanganywe mkoba mmoja na mpya. Mpya begani, za zamani kwenye galoni lililofungwa. Askari akifungua akaona hivyo anaelewa haraka.

Mpya_Maskani

Asanteni wakuu. Narekebisha oda: watu 25, wastani mara tatu, 525 kwa wiki, na sehemu ya tano 105, jumla 630. Maboksi 7. Matano ya insulini, mawili ya ml 2 kitako cha bluu. Nimekosea wapi?

Nesi_Kinondoni

Hujakosea kwenye bomba. Vichupa vya maji 630 navyo umeviweka? Na usigawe Ijumaa kama siku nyingine. Ijumaa mtu anatakiwa apate za siku tatu, na wiki ya Idi au Pasaka za siku tano, maana Jumatatu asubuhi ndipo bomba za kuazima zinakuwa nyingi zaidi.

Mpya_Maskani

Maji nilikuwa nimesahau. Naongeza, na ya Ijumaa naiandika juu ya daftari.